Dakika tatu za mgonjwa mnene

Mtu mzima mwenye uzito wa kawaida, akivutishwa oksijeni safi ya kutosha kisha pumzi ikakatika, ana takriban dakika nane kabla oksijeni ya damu yake haijashuka hadi asilimia 90. Mwenye unene uliokithiri, akivutishwa oksijeni ileile kwa muda uleule, hafikishi hata tatu. Na pumzi ikikatika kabla hawajavutishwa chochote, wa kwanza ana kama dakika moja, wa pili ana pungufu ya hapo. Hesabu hizi wataalamu wa usingizi wanazijua tangu miaka ya 1990. Ninazileta hapa kwa sababu watu wa Ngonga, Ipinda, Matema na Kasumulu, wilayani Kyela, wanapopewa karatasi ya rufaa kwenda Mbeya “kumeza mpira”, huulizwa wana shilingi ngapi na wamekula saa ngapi, lakini ni nadra kuulizwa jambo linaloamua kama dakika zao ni nane au ni mbili.

Mpira huo ni mrija wa endoskopi, mnene kama milimita 9 au 10, wenye kamera kwenye ncha. Hupitishwa mdomoni, ukashuka kwenye umio hadi tumboni na mwanzo wa utumbo mdogo. Katika ukanda wetu kazi yake kubwa kwa muda mrefu imekuwa kutafuta saratani ya umio. Ugonjwa huo una eneo lake maarufu, linaloanzia Ethiopia na kuteremka hadi Afrika Kusini, na Malawi, iliyo ng’ambo tu ya Mto Songwe, ni miongoni mwa nchi zenye viwango vya juu kabisa duniani. Mgonjwa wa saratani hiyo hufika amekonda, chakula hakipiti, mifupa ya mabega imetokeza.

Siku hizi kwenye benchi hilohilo anakaa pia mgonjwa wa aina nyingine. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 1991–92 ulikuta asilimia 11 ya wanawake wa umri wa kuzaa Tanzania wana uzito uliozidi. Ule wa 2015–16 ulikuta asilimia 28, na kati yao wapatao 10 katika kila wanawake 100 wa nchi hii walikuwa wamevuka hadi kwenye unene wenyewe. Watu hawa nao wana vidonda vya tumbo, wana kiungulia kisichokwisha, wanatapika damu. Na tangu 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, inaweka puto tumboni kwa njia ya endoskopi ili kupunguza uzito. Katika huduma hiyo mgonjwa mnene ndiye mlengwa mwenyewe.

Tumchukue mama wa mfano. Ana miaka 52, anauza mchele Ngonga, ana kilo 112 na urefu wa sentimita 158. Ukigawanya kilo zake kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe unapata uwiano wa uzito wa karibu 45, wakati unene huanza kuhesabiwa kwenye 30. Amepata choo cheusi, na Kyela wamemwandikia rufaa. Nini kinamtofautisha na jirani yake wa kilo 60 atakayepanda naye Kosta asubuhi?

Ghala dogo, walaji wengi

Hata baada ya kutoa pumzi, mapafu hubaki na hewa. Hiyo ndiyo ghala la mpunga la mwili: pumzi ikisimama, damu huendelea kuchota humo. Kwa mama wetu, mafuta ya tumbo yanasukuma juu kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na uzito wa kifua unayabana mapafu kutoka nje. Ghala limekuwa dogo, na akilazwa chali linazidi kupungua. Wakati huohuo mwili mkubwa una walaji wengi, maana unatumia oksijeni nyingi kila dakika hata ukiwa umetulia kitandani.

Kisha kuna njia ya hewa. Mafuta huzunguka koo na kukaa hata ndani ya ulimi. Dawa za kutuliza, iwe midazolamu, pethidini, fentanili au propofoli, hulegeza misuli inayoiweka njia hiyo wazi, na baadhi yake hupunguza hamu ya ubongo ya kuvuta pumzi. Ulimi unaangukia nyuma. Mrija nao unapita kooni hapohapo. Daktari anapuliza hewa tumboni ili kuta zifunguke aone vizuri, tumbo linavimba, kiwambo kinapanda tena. Hakuna hatua moja kati ya hizi inayotisha ikisimama peke yake. Kwa kilo 60 zinapita bila mtu kugundua. Kwa kilo 112 zinajumlishwa.

Kwa mtu wa Kyela kuna nyongeza ambayo vitabu vya Ulaya havimwandikii. Uso wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700. Gari linalopita Tukuyu, Kiwira na Uyole linampandisha mgonjwa zaidi ya kilomita moja kwenda juu ndani ya saa chache. Sehemu ya oksijeni hewani haibadiliki, ni asilimia 21 Ngonga na ni 21 Mbeya, ila shinikizo la hewa linapungua kwa takriban asilimia 13, na kila pumzi inabeba oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Mtu mzima wa afya huhisi baridi tu. Mwenye ghala dogo anaanza safari ya usingizi akiwa ameshatumia sehemu ya akiba.

Na akiba hiyo haipungui kwa mwendo mmoja. Kutoka asilimia 98 hadi 92 oksijeni ya damu hushuka taratibu. Ikishapita 90 huporomoka, na kwa mgonjwa mnene safari ya kutoka 90 hadi 70 ni ya sekunde. Anayesubiri namba ishuke ndipo atafute mtungi amechelewa tayari.

Namba ya kidoleni

Chombo tunachokitegemea ni kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni. Ni chombo kizuri, kimeokoa watu wengi, na chumba cha endoskopi kisicho nacho kisimpe mtu dawa ya usingizi. Lakini kina mambo matatu ambayo kila muuguzi na kila ndugu wa mgonjwa anapaswa kuyajua.

Kwanza, kinachelewa. Kinachoonyesha sasa ni hali ya mapafu ya nusu dakika iliyopita au zaidi, hasa vidole vikiwa baridi, na Mbeya mwezi wa saba vidole huwa baridi.

Pili, kinamsoma mtu mweusi vizuri kuliko hali yake. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa Marekani wa wagonjwa ambao kidoleni walisomeka kati ya 92 na 96. Damu yao ilipopimwa moja kwa moja, asilimia 11.7 ya vipimo vya weusi vilikuwa chini ya 88, ikilinganishwa na 3.6 kwa weupe. Kwa hiyo 92 ya mama wa Ngonga isipokelewe kama 92 ya kitabuni. Nami humwomba mgonjwa aje bila rangi ya kucha wala piko, ili tusiongeze tatizo juu ya tatizo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kinapima oksijeni, hakipimi pumzi. Mgonjwa aliyejazwa oksijeni anaweza kuacha kuvuta pumzi huku namba ikiendelea kusoma 99 kwa dakika nzima na zaidi, hewa chafu ya kabonidayoksaidi ikilundikana. Hospitali zenye kipimo cha kabonidayoksaidi huona mstari wa pumzi ukikatika kabla namba haijatikisika. Ambako hakipo, kifua kinachopanda na kushuka, sauti ya pumzi na mkono uliowekwa mbele ya pua ndivyo vipimo.

Vinavyonunua dakika

Mimi hupima kila hatua kwa swali moja: inamwongezea mgonjwa huyu muda gani? Ukipanga hivyo, utashangaa kwamba vinavyoongeza muda mwingi si vya bei kubwa.

Cha kwanza ni kutomlaza usingizi kabisa pale inapowezekana. Endoskopi ya kuangalia tu, isiyo na kukata wala kufunga mishipa, inaweza kufanywa kwa ganzi ya kupulizia kooni na maelezo ya upole. Ni dakika chache za kichefuchefu na machozi, lakini mgonjwa anapumua mwenyewe. Hospitali zetu nyingi hufanya hivyo kila siku. Mgonjwa mnene anayeambiwa “wewe tutakufanyia ukiwa macho” asidhani amenyimwa huduma ya daraja la kwanza. Dawa ya kutuliza ibaki kwa anayeihitaji kweli, kama anayewekewa puto au asiyeweza kutulia.

Cha pili ni kuuliza. Kuna dodoso la maswali manane lililobuniwa Toronto, Kanada, na kuchapishwa 2008, linalotafuta watu wanaokatika pumzi usingizini: kukoroma, uchovu wa mchana, kuonekana pumzi ikisimama, shinikizo la damu, uwiano wa uzito zaidi ya 35, umri zaidi ya miaka 50, shingo nene kupita sentimita 40, na jinsia ya kiume. Kwa mama wetu linaenda hivi:

“Shikamoo mama. Usiku unakoroma?”

“Marahaba mwanangu. Nitajuaje na mimi nimelala? Muulize baba Neema.”

Baba Neema, aliyekaa na kikapu cha ndizi magotini, anacheka. “Huyu? Nyumba ya pili wanamsikia. Ila mara ananyamaza kabisa, mpaka nimtikise.”

Kile kimya ndicho daktari wa usingizi anachokitafuta. Sasa fikiria baba Neema amebaki Ngonga anaanika kokoa, na mama amesindikizwa na binti anayesoma bweni. Swali linakosa wa kulijibu. Ndiyo maana linafaa kuulizwa zahanati au hospitali ya wilaya, jibu liandikwe kwenye barua ya rufaa pamoja na kilo, urefu na mzunguko wa shingo. Utepe wa kupimia upo kila kliniki ya mama na mtoto.

Cha tatu ni mkao. Utafiti wa Australia wa 2005, uliofanywa kwa watu wenye uwiano wa uzito uliopita 40, ulilinganisha waliovutishwa oksijeni wakiwa wamelala bapa na walioinuliwa kichwa na kifua kwa nyuzi 25. Walioinuliwa walipata wastani wa sekunde 46 za ziada kabla oksijeni haijashuka. Sekunde 46 za kuinua kichwa cha kitanda, na kama kitanda hakiinuki, kwa mito na mashuka yaliyokunjwa.

Cha nne ni oksijeni kabla ya dawa. Barakoa ikae vizuri usoni, isiachie pembeni, mgonjwa avute pumzi za kawaida kwa dakika tatu hadi tano. Ghala linalobeba hewa ya kawaida lina oksijeni kidogo tu, iliyobaki ni naitrojeni isiyo na kazi. Oksijeni safi inaifukuza naitrojeni hiyo, na akiba inaongezeka zaidi ya mara tano. Hapo hasara ya kupanda kutoka Kyela hadi Mbeya inafutika na chenji inabaki. Barakoa ikitoka ili mrija uingie, mirija midogo ya puani iwe imeshafungwa na inatiririsha, isije ikatafutwa baadaye.

Cha tano ni dozi. Dawa za kutuliza zisipigwe hesabu kwa kilo 112, maana mafuta hayana ubongo wa kulazwa. Dozi ndogo, subira, kisha nyongeza ndogo. Pawepo karibu na mkono dawa za kurudisha nyuma midazolamu na zile za jamii ya pethidini, na ikumbukwe kwamba propofoli haina ya kuirudisha.

Cha sita ni mtu. Lazima awepo mmoja ambaye kazi yake pekee ni pumzi ya mgonjwa. Kama huyohuyo ndiye anayeshika koleo ya kuchukulia kinyama, ndiye anayeandika faili, ndiye anayeitwa mapokezi, basi mgonjwa hana mwangalizi. Mtu huyu akiona kifua kimetulia kupita kiasi, hangoji king’ora: anamwita mgonjwa kwa jina, ananyanyua taya, anapitisha kimrija laini puani hadi nyuma ya ulimi, na hali isipobadilika anamwambia daktari mkuu “toa mpira”. Kauli hiyo iwe amri hata ikitoka kwa muuguzi aliyeajiriwa juzi. Kisha mfuko wa kupulizia hewa (ambu bagi) na barakoa.

Mashine ya kasi na hesabu ya mtungi

Dunia sasa inazungumzia chombo kipya zaidi: mashine inayopuliza puani oksijeni iliyopashwa joto na kutiwa unyevu kwa kasi ya hadi lita 60 kwa dakika. Mirija ya kawaida hutoa lita chache, na pumzi kubwa ya mgonjwa huichanganya na hewa ya chumba. Mashine hii hujaza koo oksijeni, husukuma kidogo njia ya hewa isifunge, na hata pumzi ikisimama oksijeni huendelea kuteremka.

Ushahidi wake ni mzito. Mwaka 2025 jarida la BMJ lilichapisha jaribio la hospitali tatu za China lililohusisha karibu wagonjwa wanene 1,000 waliolazwa usingizi kwa ajili ya endoskopi. Katika waliotumia mirija ya kawaida, asilimia 21.2 oksijeni yao ilishuka chini ya kiwango salama. Katika waliotumia mashine ya kasi ni asilimia 2.0. Kushuka kwa hatari zaidi kulikuwa asilimia 4.1 upande mmoja na sifuri upande wa pili. Namba ya kwanza ndiyo inayopaswa kututikisa: hata katika hospitali zilizojipanga, mgonjwa mnene mmoja kati ya watano alishuka.

Je, tuinunue? Tupige hesabu ya hapa kwetu. Mtungi mkubwa wa hospitali huwa na kama lita 6,800. Kwa lita 5 kwa dakika unakaa zaidi ya saa 22. Kwa lita 60 kwa dakika hautimizi saa mbili: wagonjwa watano wa dakika 20 kila mmoja, na mtungi umekaribia kwisha. Mashine ndogo za kuchuja oksijeni kutoka hewani, ambazo ndizo mkombozi wa wodi za wilaya, hutoa lita 5 au 10, na umeme ukikatika zinanyamaza. Haziwezi kuilisha mashine ya kasi kwa nguvu yake yote.

Mzigo huu si wetu peke yetu. Tume ya jarida la Lancet Global Health ilieleza Februari 2025 kwamba watu wapatao bilioni 5 duniani hawana uhakika wa oksijeni ya tiba iliyo salama na ya bei wanayoimudu. Tanzania ilisogea hatua UVIKO-19 ilipobisha hodi: mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliozinduliwa Oktoba 2021 ulitenga fedha za mitambo ya kuzalisha oksijeni na vyumba vya uangalizi maalumu. Mitambo hiyo ilikuja kwa ajili ya janga. Janga limepita, mitambo ipewe mafundi, vipuri na bajeti ya umeme, kwa sababu kazi bado ipo.

Hukumu yangu ni hii. Hospitali ya kanda au ya taifa yenye oksijeni ya bomba ukutani na umeme wa akiba inunue mashine ya kasi, na iitumie kwa wachache waliochaguliwa: wanaowekewa puto, wenye kazi ndefu, wenye dodoso lililojaa alama. Hospitali ya wilaya isiipe kipaumbele. Mkao, oksijeni ya kabla, dozi ndogo na mwangalizi mmoja vinatangulia, tena hakuna mashine inayovifidia visipokuwepo. Kumfunga mgonjwa mashine ya lita 60 huku hakuna anayetazama kifua chake ni kununua namba nzuri ya kidoleni, na nimekwisha kueleza namba hiyo inavyoweza kudanganya.

Njia ya kurudi

Kipande kinachosahauliwa huanza mrija ukishatoka. Msisimko wa kooni umekwisha, kelele zimekwisha, ila dawa bado imo mwilini. Hapo ndipo mgonjwa mnene huzama usingizini na kukoroma. Na aliyepewa dawa ya kurudisha nyuma midazolamu yuko kwenye mtego mwingine, kwa sababu dawa hiyo huisha mapema kuliko midazolamu yenyewe, na usingizi unaweza kurudi.

Sasa mtazame mama wetu saa tisa alasiri. Ameambiwa ana kidonda, amepewa dawa, anataka kuwahi gari la Kyela kwa sababu hana ndugu Mbeya na nauli ya kesho hana. Anapata siti ya nyuma, katikati. Gari linateremka kuelekea Tukuyu, joto linaongezeka, kichwa kinainama kidevu kikigusa kifua. Shingo nene iliyokunjwa hivyo hufunga njia ya hewa kuliko kitanda chochote. Hakuna kibanio kidoleni, hakuna wa kunyanyua taya. Abiria wa pembeni anaona mama aliyechoka amelala, anasogea ampishe bega.

Kwa hiyo mgonjwa mnene aliyepewa dawa ya kutuliza akae kwenye chumba cha uangalizi, ameinuliwa kichwa, kidole kwenye kibanio, mpaka awe macho kabisa na namba yake ibaki palepale bila kuwekewa oksijeni. Mwenye dalili za kukatika pumzi usingizini, aliyetoka mbali, alale hospitali usiku mmoja. Asipande bodaboda wala kuendesha chochote hadi saa 24 zipite. Hospitali zikipanga orodha ya siku, wa Kyela na mbali kama huko waingie wa kwanza asubuhi, wa mjini wasubiri. Hilo halina gharama, linahitaji tu mpangaji wa orodha asome anwani.

Nawe msomaji unayekwenda, au unayemsindikiza mzazi: usione haya kutaja kilo. Sema kama unakoroma, sema kama kuna anayekutikisa usiku, na nenda na mtu anayelala nyumba moja nawe. Uliza maswali matatu kabla ya kupanda kitandani: lazima nilazwe usingizi? Oksijeni nitavutishwa kabla ya dawa? Nani kazi yake ni kuangalia pumzi yangu tu? Ukikosa jibu la swali la tatu, omba kipimo kifanyike ukiwa macho au kiahirishwe hadi mtu huyo apatikane.